Lango la Boston na Maduka Yaliyo Nyuma Yake

Nauli ya garimoshi kutoka London hadi Boston, mji mdogo wa mashariki mwa Uingereza katika eneo la Lincolnshire, ilinila pesa ambazo hapa Nairobi zingelipia karibu nusu ya belo la viatu vya mitumba. Hata baada ya kulipa kiasi hicho, tulishushwa Grantham tukaachwa kwenye baridi kali, kwa kuwa garimoshi la kutufikisha lilikuwa limefutwa. Nilikuwa ninakwenda kumtembelea dada yangu, ambaye anafanya kazi ya kufungasha mboga huko. Zamu zake huanza alfajiri, kwa hiyo mchana nilibaki peke yangu katika mji ambao kikombe cha chai kinauzwa takriban shilingi mia tano.

Kuhusu London sina mengi. Niliuona ukuta wa malango ya kuzuia mafuriko kwenye mto Thames, wenye upana wa mita 520 na malango 10, ulioanza kufanya kazi mwaka 1982 kwa sababu ya mafuriko ya bahari ya 1953 yaliyoua watu 307 nchini Uingereza pekee. Ni kazi kubwa ya kihandisi, lakini niliitazama kwa mbali kama mtalii. Huko Boston niliingia ndani ya duka.

Lilikuwa duka la viatu, na hiyo ndiyo sababu niliingia, maana mimi na kaka yangu tunauza viatu katika soko la Gikomba, Nairobi, upande unaokaribia mto. Mwenye duka, mama wa makamo, aliponiuliza ninatoka wapi nikamweleza biashara yetu, aliacha kupanga masanduku akaniita nyuma ya kaunta. Alinionyesha soketi za umeme, ambazo zote zimewekwa juu ya ukuta, usawa wa kifua changu. Chini yake plasta ilikuwa ya rangi tofauti kidogo na ile ya juu, na mpaka kati ya plasta hizo mbili ulinyooka kuzunguka chumba kizima. Kisha akanipeleka mlangoni, akaniwekea kidole changu kwenye mfereji wa chuma uliokazwa kwa skrubu kila upande wa fremu. Hapo ndipo alipokuwa akipachika ubao wa kuzuia maji kila redio ilipotoa tahadhari.

Maji yaliingia jioni ya Alhamisi, tarehe 5 Desemba 2013. Nilishtuka kuisikia tarehe hiyo, kwani ndiyo siku aliyofariki Nelson Mandela, na nadhani ndiyo maana sisi huku hatukusikia lolote kuhusu Boston. Bahari ya Kaskazini ilikuwa katika bamvua, yaani maji yamejaa kuliko kawaida, na dhoruba ikaisukuma kuelekea kusini, mahali ambapo bahari hiyo inakuwa nyembamba na maji hayana pa kwenda isipokuwa juu. Yalipanda kwa mto uitwao Haven yakafurika kingo, yakaingia katika nyumba na majengo ya biashara zaidi ya 800. Kwenye ukuta wa kanisa la Mtakatifu Botolph, lenye mnara wa zaidi ya mita 80, kumechongwa alama za mafuriko ya zamani, na ile ya 2013 iko juu ya zile za 1810 na 1978. Mama huyo alikuwa ameshajaza stoo bidhaa za Krismasi. Alizitupa zote.

Aliniambia kwamba kilichomuumiza zaidi kilikuja baadaye. Uingereza ina mpango ulioanza mwaka 2016 wa kuwasaidia wenye nyumba kupata bima ya mafuriko kwa bei nafuu, lakini mpango huo hauhusu biashara. Kwa hiyo kila mwaka alikuwa akipandishiwa malipo ya bima, na sehemu ya hasara ambayo angeibeba mwenyewe kabla ya kulipwa ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliona bima haina maana. Aliacha kuweka akiba ya bidhaa, akawa ananunua kidogo kidogo kwa bei ya juu. Hapo nilijiona mimi na kaka yangu, kwa sababu tangu Aprili 2024, mto wa Nairobi ulipotuingilia na kulowesha mabelo mawili ambayo hatukuwa tumeyafungua, nasi tunanunua hivyo hivyo.

Lango la Boston la kuzuia maji ya bahari lilianza kazi Desemba 2020. Nilikwenda kulitafuta siku hiyo hiyo, na kwa muda sikuliona, kwa kuwa hulala chini ya mto ili mashua zipite juu yake. Lina uzito wa tani 300 na upana wa mita 25, na likihitajika huinuliwa kwa muda wa dakika 20 hivi. Mradi mzima uligharimu zaidi ya pauni milioni 100. Tangu liwepo, mama yule alipata bima anayoimudu, akakopa benki, akapanua stoo yake, akamwajiri kijana wa kumsaidia. Mbao za mlangoni alizitengenezea rafu.

Nairobi haina bahari, wala hakuna anayeihitaji bamvua ili afurikiwe. Mvua ya usiku mmoja na mto uliojaa takataka vinatosha. Mwaka 2024 jibu lililotufikia lilikuwa amri ya kuhama mita 30 kutoka mtoni, na katika mitaa ya Mathare na Mukuru nyumba zikabomolewa. Sipingi kwamba mto unahitaji nafasi yake. Ninachosema ni kwamba aliyehamishwa hakupewa kitu ambacho benki au kampuni ya bima ingekitazama na kumwamini.

Niliporudi nilimsimulia haya jirani yetu sokoni, mama anayeuza mapazia.

"Na wenye maduka walichangishwa pesa ngapi?" akauliza.

Nikamjibu kwamba mama wa viatu hakuchangishwa. Gharama ililipwa kwa fedha za serikali.

"Kwa hiyo mwanangu, huu ushuru wa soko ninaolipa miaka yote unafanya nini?"

Swali lake tumeliweka mwanzoni mwa barua tunayoandika, pamoja na ombi la kuzibuliwa kwa mto kabla ya masika na la kutumiwa tahadhari kwa simu. Mwenyekiti wa soko amekubali kuiwasilisha. Mimi nimepewa sehemu ya bima, na ninatafuta wafanyabiashara wa kando ya mto waliowahi kunyimwa bima ili tuambatanishe barua zao za majibu.