Bwawa la Kisarawe: siku ya kumi na moja, maji bado yapo

Nimekaa ukingoni mwa bwawa langu, matope hadi magotini, rula ya chuma mkononi. Tangu jana asubuhi maji yameshuka milimita 9. Waliokuwa nami tangu hapa palipokuwa pori la mikorosho iliyozeeka wanajua kwa nini nilikaribia kulia. Mwezi wa sita yalikuwa yanashuka sentimita 11 kwa siku. Kwa bwawa la mita 20 kwa 12, hizo ni lita zaidi ya 26,000 zinazopotea kila siku ya Mungu, maboza mawili na nusu. Nilikuwa nainywesha wilaya.

Mipaka, muhtasari wa kijiji, visiki, hayo yalishapita na sirudii. Leo ni kuvuja tu.

Juu huku ni mchanga, mnajua. Nilianza na nailoni nyeusi, na kwa ubahili sikuchukua ile nzito ya mabwawa. Rahisi ghali. Mizizi ya mikorosho niliyodhani nimeimaliza ikaitoboa, na wiki ya pili nikawa na chujio.

Nikahamia udongo mweupe wa Pugu, ile kaolini ya vyombo vya kauri. Uko jirani, nikajiambia mfinyanzi ni mfinyanzi. Hapana! Kaolini haivimbi ikilowa, kwa hiyo penye ufa haijizibi. Na mimi niliumwaga bila kuushindilia vizuri. Ukalala pale mweupe, mrembo, na maji yakipita katikati yake kama abiria stendi.

Mara ya tatu nikaleta tipa sita za udongo mweusi wa mbugani, ule unaokuvua kandambili wakati wa masika na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Huo unavimba kweli. Nikamwaga tabaka moja la sentimita 30, nikakodi mashine ya kushindilia yenye bamba, siku mbili masikio yanapiga kelele. Matokeo: kutoka sentimita 11 hadi 5. Ukiwa umeshalipa tipa sita, sentimita 5 ni matusi.

Hapa niwape kitu ambacho ningekifanya mwanzo kabisa. Chukua ndoo, ijaze maji, iweke ndani ya bwawa juu ya mawe ili mdomo wake ubaki nje, tia alama ndani ya ndoo na alama bwawani. Baada ya saa 24 pima zote mbili. Kilichopungua ndani ya ndoo kimechukuliwa na jua na upepo, tofauti inayobaki ndiyo inayovuja. Miezi miwili nilikuwa nalilaumu bwawa hata kwa maji aliyokunywa jua.

Aliyenitoa ni mzee mmoja Msukuma anayechunga bonde la pili. Alisimama akatazama ile mashine muda mrefu, halafu akasema, "Kijana, hii inaupiga udongo makofi tu."

Nikamuuliza, "Sasa nifanyeje, mzee?"

"Lambo la kwetu halina karatasi wala mashine. Wanaolikanyaga ndio hao hao wanaolinywa."

Nilipotulia nikaona ana haki. Bamba linatetemeka, na mtetemo ni dawa ya mchanga na kokoto. Mfinyanzi unataka kukandwa kama unga wa chapati, yaani kitu chembamba kiingie ndani na kubana kutoka chini. Hata wajenzi wa barabara wana roli lenye vidole vya chuma walivyoviita miguu ya kondoo, na mimi nilikuwa na miguu ya ng'ombe kilomita moja kutoka hapa.

Tukaukwangua ule weusi wote, tukaurudisha kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka limenyunyizwa maji hadi ukiviringisha udongo mkononi unatoka kijiti kisichokatika. Ng'ombe 31, siku nne, asubuhi na jioni, vijana wake wakiwazungusha kwa mluzi. Kinyesi hatukukitoa, kinapooza chini ya udongo bila hewa kinatoa utelezi unaoziba vitundu. Kwenye ukingo mkali wa kaskazini ng'ombe waligoma, nikashindilia mwenyewe kwa gogo la mkorosho nililolitia mpini. Mabega bado yananisimulia. Na ukoka wangu wote wa upande wa banda wameula, sitaki kuuzungumzia.

Leo ndoo imeshuka milimita 6, bwawa 9. Navuja milimita 3! Takriban lita 720 kwa siku, na tope linavyozidi kutulia nategemea zitapungua.

Kwenye vipimo vya usawa, ile programu ya simu niliyoisifu huko nyuma naifuta kauli. Mpira mwembamba wa maji wa fundi uashi umenionyesha ukingo mmoja uko chini kwa sentimita 8, simu ikisema pako sawa.

Mpango ulikuwa kuogelea, kisha banda la nyama choma, kisha sehemu ya mahema. Kuogelea nimekufuta. Maji yaliyotuama, majani pembeni, konokono wakija na mwenye kichocho akayachafua maji, hapo ni kichocho, na mimi sitawaingiza watoto wa dada yangu humo. Perege wataingia, angalau watakula viluwiluwi vya mbu. Banda nalo lisubiri, kwa sababu juzi alfajiri mdiria alitua kwenye kijiti changu cha kupimia, akakaa dakika kumi akiyatazama maji yasiyo na hata samaki mmoja. Tangu hapo sifikirii nyama. Nataka kibanda kidogo cha makuti upande wa magharibi, chenye tundu la kuchungulia, jua la jioni liwaangazie ndege kutoka nyuma yangu. Jumamosi naenda kutafuta mirunda.

Mzee ameuliza kama kiangazi ng'ombe wake wanaweza kunywa hapa. Nimempa upande wa mashariki, penye mteremko mpole. Ni mbele kabisa ya tundu langu la kuchungulia, na nimeligundua hilo baada ya kupeana mikono.