Siku moja kwenye daino: inteki ya hewa baridi inaongeza nguvu kweli?

Saa moja asubuhi

Kazi yangu ni kupima nguvu za injini. Gari linapanda juu ya roli za daino, linafungwa mikanda, linakanyagwa mafuta mpaka mwisho, na kompyuta inachora mistari miwili: wa nguvu na wa toki, yaani msukumo wa kuzungusha. Lakini kabla gari lolote halijapanda, naanza na hewa. Nasoma joto la karakana, mgandamizo na unyevu, halafu naiachia kompyuta irekebishe matokeo kwa kipimo cha SAE J1349, kiwango cha wahandisi wa magari, yaani nyuzi joto 25 na hewa kavu yenye mgandamizo wa kilopaskali 99. Pasipo marekebisho hayo, gari lilelile litaonekana lina nguvu asubuhi na limechoka alasiri.

Biashara yote ya inteki ya hewa baridi, yaani bomba na kichujio vinavyouzwa kuchukua nafasi ya njia ya hewa ya kiwanda, imejengwa juu ya jambo hilo. Hewa ikipoa hujibana, na takriban kila nyuzi 3 zinazopungua huifanya iwe nzito kwa asilimia 1. Injini ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili kuchoma sawasawa kilo 1 ya mafuta, kwa hiyo ukiingiza hewa nyingi zaidi unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi. Fizikia hiyo ni sahihi kabisa. Swali ninalomuuliza kila anayekuja na boksi jipya mkononi ni hili: nani kakwambia gari lako linavuta hewa ya moto?

Saa mbili

Wa kwanza leo ni kijana mwenye gari la lita 2.0, silinda nne, halina tabo, ile pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini. Amebeba inteki mpya: bomba la alumini linalong'aa na kichujio chekundu cha umbo la koni.

"Shikamoo fundi. Naomba unifungie hii halafu unipimie."

"Marahaba. Tutaifunga, lakini kwanza tupime ulichonacho."

Chombo nilichomtolea kinashangaza wengi kwa jinsi kilivyo rahisi. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umekunjwa umbo la U juu ya ubao wenye rula, na ndani yake kuna maji niliyoyatia rangi nyekundu. Ncha moja iko wazi. Nyingine naichomeka kwenye bomba la hewa la gari, baada ya kichujio na kabla ya throto, yaani mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Injini ikivuta kwa shida, maji ya upande wa gari yanapanda na ya upande wa wazi yanashuka. Tofauti ya sentimita 10 ni karibu kilopaskali 1.

Injini hii ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inameza hewa inayokaribia lita 6,000 kila dakika, maana kila silinda inavuta mara moja katika mizunguko miwili. Hewa yote hiyo inapita kwenye kichujio kimoja cha karatasi. Nilikanyaga mafuta mpaka chini nikiwa gia ya nne, kijana akiwa ameinama mbele ya ubao na simu yake akirekodi. Maji yalipanda taratibu, yakatetemeka, yakasimama. Tofauti ilikuwa sentimita 17.

Kwa hesabu za haraka hiyo ni kilopaskali 1.7, na hewa inayotuzunguka ina takriban 100. Maana yake, hata tukiling'oa boksi lote, kichujio na bomba, tukaiacha injini ipumue moja kwa moja angani, tungepata kitu kama asilimia 2. Sijui kwa nini kipimo hiki hakifanywi kila mahali kabla mtu hajatoa pesa. Kinamaliza nusu ya ubishi kwa dakika kumi.

"Kwa hiyo hospawa ngapi?" akauliza.

"Mbili. Tukibahatika sana, tatu."

Saa tatu

Tukapima gari kama lilivyotoka kiwandani, boneti imefungwa, feni kubwa ikipuliza mbele kama upepo wa barabarani. Mara tatu: 130.6, 131.8, 131.1. Nilimwonyesha kijana namba hizo kwa makusudi. Hatujagusa hata bolti moja, na tayari kuna tofauti inayozidi hospawa moja kati ya mpimo na mpimo. Tairi zinapata joto, oili inapata joto, kompyuta ya gari inarekebisha cheche. Mtu akikuletea picha ya mpimo mmoja wa kabla na mmoja wa baada, akakwambia ameongeza hospawa moja na nusu, bado hajakuonyesha kitu.

Saa nne

Kufungua boksi la kiwanda ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mwenye gari huwa hajawahi kuliangalia. Mdomo wake uko nyuma ya grili, juu ya rejeta, mahali ambapo upepo wa mbele unaingia kabla haujakutana na joto la injini. Hiyo tayari ni inteki ya hewa baridi! Magari mengi ya sasa ndivyo yalivyo, mengine yakivutia hewa ndani ya madigadi. Pembeni mwa bomba kuna chumba cha plastiki kisicho na tundu la kutokea. Kijana alidhani hakina kazi. Chumba hicho kinazima mawimbi ya sauti yanayorudi kila valvu zinapofunga, na ukikiondoa ndipo unapousikia ule mngurumo. Urefu wa bomba nao una hesabu yake: mawimbi hayohayo yakifika kwenye valvu kwa wakati mzuri husaidia kuingiza hewa, na ukibadilisha urefu unaweza kupata kidogo juu kwenye mizunguko mingi huku ukipoteza chini, ambako gari linatumika siku nzima.

Inteki mpya ilikaa vizuri, klipu zake imara, uchomeleaji safi. Ila kichujio kimekaa ndani kabisa ya boneti, karibu na ekzosi, bila kizuizi chochote cha joto.

Saa tano

Mpimo wa kwanza tuliufanya boneti ikiwa wazi, kwa sababu ndivyo video nyingi za matangazo zinavyofanya. 133.9. Kijana alipiga makofi, na simlaumu, hata mlio ulikuwa mtamu.

Nikafunga boneti, nikaliacha gari linguruma mahali pamoja dakika kumi feni imezimwa, kama linavyokaa kwenye foleni. Tukawasha feni, tukapima papo hapo. 126.7.

Skana, chombo cha kusoma kompyuta ya gari, ilikuwa imechomekwa muda wote. Tulipotumia boksi la kiwanda, hewa iliyoingia ilikuwa nyuzi 37. Sasa tulianza na nyuzi 61. Uzito wa hewa ukipungua hivyo, nguvu haishuki kwa kiwango kilekile, kwa kuwa hewa ya kwanza nayo ingepashwa joto njiani kuelekea silinda. Lakini inashuka, na juu yake kompyuta ya gari ikiona hewa ya moto huchelewesha cheche ili injini isigonge. Unapoteza mara mbili.

Nilimweleza pia kuhusu alumini, maana ndilo swali lililofuata. Watu wanazungushia bomba vitambaa vya kuzuia joto. Kwa injini hii, mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka mwisho, hewa inapita kwenye bomba la milimita 70 kwa mwendo wa mita 26 hivi kwa sekunde. Mita nzima ya bomba inaimaliza kwa sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde. Haipati muda wa kupashwa. Mdomo wa kuvutia umekaa wapi, hilo ndilo la kushughulikia.

Saa saba mchana

Tukaenda barabarani na skana. Nataka kuwa mkweli kwa pande zote mbili, na barabara iliitetea inteki kidogo. Kwenye foleni joto lilipanda tena hadi nyuzi 60 na kitu, lakini tulipopata nafasi ya kukimbia lilishuka haraka mpaka likakaribia joto la nje. Kwa hiyo anayekimbia muda wote hapotezi sana. Anayesimama na kuondoka, ambaye ndiye sisi wengi, anaondoka kila mara akiwa na hewa ya moto.

Kitu kingine kilichonisumbua ni marekebisho ya mafuta: kompyuta ya gari ilikuwa ikiongeza mpaka asilimia 9. Sensa inayopima hewa imesanifiwa kwa kipenyo cha bomba lake la asili. Ikihamishiwa kwenye bomba pana kidogo, hewa inapita polepole mbele ya waya wake wa kupimia, na sensa inaripoti hewa pungufu kuliko iliyoingia. Kompyuta inasahihisha kwa kusoma sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, ila ikizidiwa inawasha taa ya injini, mara nyingi kwa kodi P0171, yaani mafuta ni machache kwa hewa iliyopo. Vichujio vya pamba vinavyotiwa oili vina lao pia. Ukitia oili kupita kiasi, inaenda kuganda kwenye waya huohuo.

"Na mafuta, fundi? Waliniambia nitakula kidogo."

Hapana. Ukiendesha kwa utulivu, throto yenyewe imefungwa zaidi ya nusu, ndiyo inayoziba njia kwa makusudi. Kulegeza njia kabla yake hakubadilishi kitu. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari ya kisasa ya petroli mwaka 2009 kwa kuziba vichujio makusudi: ulaji wa mafuta haukubadilika kwa maana yoyote, kilichoumia ni uwezo wa kuchochea mwendo. Basi kichujio safi cha karatasi kinatosha.

Saa tisa alasiri

Gari la pili ni habari nyingine kabisa, na nimefurahi limekuja siku moja na la kwanza. Lita 2.0 vilevile, ila lina tabo kubwa kuliko ya kiwanda, ekzosi pana, na programu ya kompyuta iliyoandikwa upya. Injini hii inavuta karibu mara mbili ya ile ya asubuhi, na hewa ikiongezeka mara mbili katika njia ileile, kizuizi kinaongezeka karibu mara nne. Maji mekundu yalitaka kutoka juu ya ubao: sentimita 62.

Hapo sikusita. Tabo inazidisha mgandamizo inaoupokea. Ikiwa inazidisha mara mbili, kila kilopaskali iliyopotea mlangoni ni mbili upande wa pili, au tabo izunguke kwa kasi zaidi kuifidia na kuipasha hewa. Mwenye gari ana inteki yenye boksi lililozibwa pande zote, mdomo wake umeunganishwa na grili. Tulipata hospawa 11, boneti imefungwa, mpimo baada ya mpimo.

Saa kumi na moja jioni

Kijana alikuwa bado yupo. Alitaka kujua kama angeshusha kichujio mpaka nyuma ya bampa, chini, kwenye hewa baridi. Nikampeleka kwenye meza ya nyuma, nikamwekea konrodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni, juu ya kioo. Ilitoka kwenye gari lililopita kwenye maji ya mvua na kichujio chake kikiwa chini namna hiyo. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda ikayakuta, kitu fulani lazima kiachie. Aliisukuma kwa kidole, ikabembea. Mwanga ulipita chini yake katikati.

Tumekubaliana hivi: boksi la kiwanda limerudi leo, na kichujio kipya cha karatasi. Kwa kuwa ameupenda ule mlio, na ni haki yake kuupenda, kesho nitamkatia bati la kutenganisha kichujio na ekzosi, nivute bomba kutoka mdomo wa asili nyuma ya grili, na nirudishe sensa kwenye kipande cha kipenyo chake. Halafu tutapima tena kwa masharti yaleyale, dakika kumi za kusimama, boneti imefungwa. Ikifika 131 bila taa ya injini, aifunge na aondoke nayo.