Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani na dawa ya kuzuia damu kuganda

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Bado nimelala, nazungusha vifundo vya miguu, navuta vidole juu, navishusha. Kisha soksi ya kubana, ile ndefu inayofika chini ya goti. Lazima iingie kabla sijasimama, maana mguu wa kushoto ukishatangulia sakafuni unaanza kuvimba, na hapo soksi haipandi tena. Hata ikivaliwa kwa wakati, inavaliwa kwa kununa.

Saa moja na nusu. Ngazi. Karakana yetu iko ghorofa ya pili, na zamani nilizipanda nikiwa na bando la kitambaa begani na simu sikioni. Siku moja nikafika katikati, pumzi ikagoma. Sikuwa nimekimbia wala kubeba kitu. Kila nikivuta hewa, kitu kinanichoma chini ya mbavu. Mwenzangu mmoja akasema ni kichomi, nipakwe dawa ya kuchua nipumzike. Mwanafunzi wangu wa ushonaji, msichana asiyependa maneno mengi, aliangalia midomo yangu, akaenda kutafuta gari bila kumwuliza mtu.

Hospitali walinipima damu, wakanitia dawa ya rangi kwenye mshipa na kuniingiza kwenye mashine ya CT. Ile dawa ikipita unahisi joto mwili mzima, mpaka unadhani umejikojolea. Picha ikaonyesha donge la damu limeziba mshipa wa pafu la kulia. Halikuzaliwa pale. Lilianzia kwenye kigimbi, kwa sababu majuma ya nyuma nilikuwa nimefungwa plasta baada ya kuvunjika kifundo cha mguu. Kipande kikakatika, kikapanda na damu hadi upande wa kulia wa moyo, na moyo, ambao kazi yake ni kusukuma chochote kilichomo, ukakisukumia mapafuni. Daktari aliniambia haya yote kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nikamwuliza, "Na kama lingekuwa kubwa zaidi?" Akasema, "Tungekuwa na mazungumzo mengine, mama. Au tusingekuwa nayo."

Leo nimepanda ngazi zote bila kusimama. Juu nilikuwa nahema kidogo, kuhema kwa kawaida tu, kwa mtu wa umri wangu aliyezoea kukaa. Nilikufurahia kuhema huko kuliko ninavyoweza kueleza.

Saa mbili hadi saa tano. Kazi. Nina gauni la kuwekewa bitana na suruali za sare zinazosubiri zipu. Fundi anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda ni kichekesho, kwa sababu siku yetu nzima ni sindano na mikasi. Zamani nikijichoma nilinyonya kidole nikaendelea. Sasa navaa kastabini hata kwa kushikiza pindo, na vitambaa vyeupe nimemwachia mwanafunzi. Leo sindano imenipata kwenye kidole gumba. Akaniita, "Fundi, damu!" kabla mimi mwenyewe sijaiona. Unabana kwa kitambaa safi, unakaa, unangoja. Inakoma, ila kwa muda wake.

Kila baada ya saa moja nainuka, nazunguka meza ya kukatia. Damu ikishashuka miguuni, msaada mkubwa wa kuirudisha juu ni misuli ya vigimbi inapojikaza na kujiachia. Ukikaa umeganda kama mimi nilivyokaa na plasta, damu inatuama. Daktari wa Kijerumani aitwaye Rudolf Virchow aliandika kuhusu madonge haya na safari yake tangu karne ya 19, na mambo matatu yanayoyaleta bado yanaitwa kwa jina lake: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda. Mimi nilikuwa na mawili waziwazi. Nikikumbuka cherehani ya kukanyaga niliyoiuza ili ninunue ya umeme, ile iliyonifanya nikanyage kutwa nzima, naicheka biashara hiyo.

Saa tano na nusu. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Foleni, sindano, jibu: 2.4. Kwa ugonjwa wangu wanataka iwe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo donge jingine linaweza kujengeka, juu ya hapo hatari ya kuvuja damu inaongezeka. Nimefurahi, nimeondoka.

Dawa yenyewe ni warfarin, na historia yake inanipendeza. Katika miaka ya 1920 ng'ombe walikuwa wakifa kwa kuvuja damu Marekani na Kanada baada ya kula majani makavu yaliyooza. Watafiti wa Wisconsin wakaja kukigundua kilichomo ndani yake, na kutokana nacho ikatengenezwa warfarin, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya. Katika miaka ya 1950 ikaanza kuwa dawa ya binadamu. Watu huiita ya kuyeyusha damu, lakini haiyeyushi kitu. Inazuia donge lisikue na jingine lisizaliwe, halafu mwili wenyewe unalimaliza lililopo, taratibu.

Saa nane. Mteja amerudisha gauni. Kiuno kimebana, anasema, ingawa futi yangu inasema yeye ndiye aliyeongezeka. Amelalamika kwa kirefu, akashika kitambaa, akakigeuza, akaniuliza kama siku hizi nashona nikiwa nimesinzia. Nilimsikiliza nikiwa na furaha ya ajabu. Nilipokuwa nimelala na oksijeni puani sikutamani safari wala sherehe. Nilitamani hasa hili: mtu anigombeze kuhusu mshono, nami nifumue, nishone upya, nikereke. Furaha ilidumu hadi alipoanza kusimulia gauni la fundi mwingine. Hapo nikakereka kweli.

Saa kumi. Jirani wa karakana amepita kunisalimu, akarudia anayosema kila mara, kwamba ugonjwa ulikuja kunifundisha. Nampenda, lakini sikubali. Ningejifunza bila kuletewa donge mapafuni. Namshukuru msichana aliyetafuta gari, nawashukuru waliosoma picha ile haraka. Ugonjwa siushukuru.

Saa kumi na mbili jioni. Simu inalia, nameza dawa. Wakati uleule kila siku. Mboga za majani nakula, ila kwa kiasi kisichobadilika, kwa sababu vitamini K iliyomo inashindana na dawa. Mgongo ukiuma simezi kidonge chochote cha maumivu kabla ya kuuliza, maana vingine vinaongeza hatari ya kuvuja.

Saa nne usiku. Huu ndio wakati ninaoupenda kidogo kuliko wote. Kigimbi kikikaza nakishika, nakilinganisha na mwenzake: joto, wekundu, uvimbe wa upande mmoja. Mara nyingi ni uchovu tu. Daktari aliniambia hofu hii huwapata wengi waliopita hapa, na nisione haya kurudi hospitali hata kama hakuna kitu. Leo miguu iko sawa. Nimevuta pumzi hadi mwisho, haikuchoma, nikavuta nyingine.

Mume wangu anakoroma. Nilipotoka hospitali niliapa kwamba sitalalamika tena kuhusu kukoroma kwake. Nimempiga kiwiko, akageuka.