Kengele ya Dakika Moja

Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa masomo ya udaktari jijini Dar es Salaam, hakuna mtihani uliotutia hofu kuliko ule wa vituo wa anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili na mpangilio wake. Meza zilipangwa kuzunguka maabara, na juu ya kila meza kulikuwa na kiungo kilichochomekwa pini. Mwanafunzi alikuwa na dakika moja ya kutaja kilichochomwa, kisha kengele ikilia alisogea kituo cha pili, awe amejibu au hajajibu. Wingi wa majina ulikuwa nusu tu ya ugumu wake. Aliyekwama mahali aliondoka na swali lile kichwani, na vituo viwili vilivyofuata vikampita akiwa bado analitafuta jibu la nyuma.

Jioni moja mtihani ukiwa umekaribia, mhadhiri wetu wa fiziolojia, somo la utendaji kazi wa mwili, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alitukuta tumesinzia juu ya vitabu, akatuamuru tuvifunge. Alitueleza kwamba mwaka 1979, huko Worcester, Massachusetts, nchini Marekani, mwanabiolojia Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu mazoezi ya kuzingatia pumzi, katika mafunzo ya wiki nane yaliyotokana na desturi za Kibudha lakini yakafundishwa bila ibada yake. Sisi hatukuwa na wiki nane. Alitutaka tukae wima, tuifuate pumzi ikiingia na kutoka, na kila akili inapotoroka tuirudishe bila kujilaumu.

Rafiki yangu mmoja alinyoosha mkono. “Mwalimu, mimi swala zangu tano zinanitosha.”

“Na ndani ya swala, mwanangu, akili yako huwa wapi?”

Darasa zima lilicheka, naye akacheka, lakini alichukua madaftari yake akaenda kusoma. Mimi nilibaki, hasa kwa sababu ya uchovu. Nilikuwa naweza kukariri bila kusita kwamba neva inayoendesha kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, hutoka kwenye neva za shingo, ile ya tatu, ya nne na ya tano, ila sikuwa nimewahi kutulia nikakisikia kiwambo changu mwenyewe kikishuka. Akili yangu ilitoroka mara nyingi kuliko ilivyokaa. Mwalimu alisema kazi yenyewe ndiyo hiyo ya kuirudisha.

Siku ya mtihani nilifika kwenye mkono uliopasuliwa, pini ikiwa kwenye neva ambayo sikuweza kuamua kama ni ya mediani au ya alna, na kengele ikalia karatasi ikiwa tupu. Nikiwa natembea kuelekea meza iliyofuata nilizisikia nyayo zangu juu ya saruji, nikatoa pumzi moja ndefu, na nilipoinama niliiona figo iliyokuwa mbele yangu, yote, na kile kilichochomwa. Yale niliyoyajua hayakuwa yameongezeka hata chembe. Nilichookoa ni kituo kimoja kisizamishwe na kile kilichotangulia, na katika mtihani wa namna ile hilo si dogo.

Matokeo yalipobandikwa nilikuwa nimefaulu kwa alama za kawaida. Rafiki yangu wa swala tano alinizidi, na hakuchoka kunikumbusha jambo hilo hadi tulipohitimu.