Siku moja maishani mwangu: kuandaa ramani itakayosomwa na programu nisiyoijua

Saa 2:00 asubuhi

Leo hati ya ramani ya vyanzo vya maji inatoka kwenye kompyuta yangu na kuwa huduma ya WMS (Web Map Service), yaani seva inayochora ramani kwa ombi na kuituma kama picha kupitia mtandao. Ndani yake mna mito, visima, mabomba makuu, mipaka ya mabonde na picha ya mwinuko wa ardhi. Ramani yenyewe ilishachorwa, ikachapishwa, ikapendeza. Ila kwenye karatasi mchoraji ndiye mwenye mamlaka: anaamua ukubwa wa ukurasa, skeli, na kipi kikae juu ya kipi. WMS inayahamisha mamlaka hayo kwa mtumiaji. Yeye anataja mstatili anaoutaka, upana wa picha kwa pikseli, matabaka anayoyahitaji na mpangilio wake. Seva inachora na kumrudishia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya leo haihusu rangi wala alama.

Kiwango hiki kilitungwa na Open Geospatial Consortium (OGC), umoja ulioanzishwa 1994. Toleo la kwanza la WMS lilitoka mwaka 2000, na toleo 1.3.0 linatambulika pia kama ISO 19128. Nakipenda kwa sababu moja: mhandisi mwenye QGIS, ofisi yenye ArcGIS (zote mbili ni programu za ramani) na mwanafunzi anayejenga tovuti yake wote wanaisoma ramani ileile bila kuniomba faili.

Saa 3:00 asubuhi

Naanza kwa kuondoa. Tabaka lolote litakalobaki kwenye mradi litatangazwa kwa kila anayeuliza, isipokuwa nimelizuia. Yanatoka matabaka ya majaribio, nakala za zamani na ile ramani ya nyuma iliyokopwa kutoka huduma nyingine, maana sina ruhusa ya kuisambaza upya.

Kisha naingia kwenye majedwali. Jedwali la visima lina safu ya namba za simu za walinzi wa pampu. Tabaka likiruhusiwa kuulizwa, ombi la GetFeatureInfo linarudisha sifa za kitu kilichobofywa, na hapo namba hizo zingekuwa wazi kwa mtu yeyote. QGIS inaweza kuficha safu mojamoja zisitoke kupitia WMS, lakini mimi siridhiki na hilo peke yake. Mwenzangu akiliongeza tabaka upya kesho, mpangilio ule unapotea kimyakimya. Natengeneza mwono mpya ndani ya hifadhidata, yaani jedwali la kutazamia tu lililochujwa kutoka lile la asili, usio na safu hizo kabisa, halafu tabaka linasoma huo. Taarifa za watu zisipokuwepo kwenye chanzo, hakuna mpangilio utakaozivujisha.

Saa 4:30 asubuhi

Majina. Hapa sina haraka.

Kila tabaka la WMS lina jina la mashine na kichwa cha kusomwa na binadamu. Jina la mashine ndilo linaloandikwa ndani ya GetMap, ombi la kupewa picha ya ramani, na likishatangazwa, watu wanalipachika kwenye programu zao. Ukilibadilisha mwezi ujao, ramani zao zinapokea kosa la LayerNotDefined, na wao hawajagusa kitu. Kwa hiyo nachagua majina yatakayodumu: `visima`, `mito_mikuu`, `mabonde`. Hayana nafasi, hayana mwaka, hayana neno "mpya". QGIS ukiiachia nafasi ya jina fupi bila kuijaza, inatumia jina la tabaka kama lilivyo kwenye orodha yako, pamoja na nafasi zake na vifupisho unavyovielewa wewe tu.

Kichwa nakiandika kama ningemwambia mtu aliyeketi mbele yangu: "Visima vya maji vinavyofanya kazi". Halafu muhtasari: nani alipima, kwa kifaa gani, mwaka gani, na usahihi wa mita ngapi. Sehemu hii huachwa tupu mara nyingi mno, na inaniumiza kila ninapokutana na huduma ya namna hiyo. Mtu anayepanga kuchimba kisima ana haki ya kujua kama nukta anayoitazama ilipimwa uwandani au ilikadiriwa mezani.

Saa 6:00 mchana

Eneo na projeksheni, yaani namna ya kuulaza uso wa dunia kwenye picha bapa. Nikiomba mipaka ya tabaka la visima, mstatili unaenda hadi Ghuba ya Guinea. Sababu inajulikana kwa kila mtu wa fani hii: kuna rekodi yenye sifuri kwenye latitudo na sifuri kwenye longitudo, na nukta hiyo iko baharini. Ikibaki, mtumiaji akiamuru programu yake ionyeshe tabaka zima atapewa bahari tupu na vumbi la nukta pembeni. Naisahihisha rekodi kwenye hifadhidata, kisha naandika eneo la kutangazwa mwenyewe.

Orodha ya projeksheni naifupisha: EPSG:4326 na CRS:84 (zote latitudo na longitudo kwa digrii), EPSG:3857 kwa ramani za wavuti, na ile ya UTM, inayohesabu kwa mita, iliyotumika kupimia. EPSG:3857 inapanua vitu kadiri unavyoiacha ikweta. Kwenye latitudo 60 urefu unaonekana karibu mara mbili. Ni ya kutazamia. Anayetaka kupima umbali nimemwekea UTM, na nimelisema hilo kwenye muhtasari.

Kisha kuna suala la mpangilio wa koordineti, lililosumbua watu wengi. Kwenye toleo 1.1.1 la WMS projeksheni unaitaja kwa neno `SRS`, na longitudo inatangulia. Kwenye 1.3.0 unaandika `CRS`, na kwa EPSG:4326 latitudo ndiyo inayotangulia. Programu ikichanganya mawili hayo, inapata picha ya mahali pengine au picha tupu, na lawama inaenda kwa mwenye ramani. CRS:84 inabakiza longitudo mbele, ndiyo maana naitangaza pia.

Saa 8:00 mchana

Skeli. Kwa kuwa seva haijui kioo cha mtumiaji, kiwango kinachukulia kwamba pikseli moja ina upana wa milimita 0.28. Hesabu inakuwa nyepesi: kwenye 1:50,000 pikseli ni mita 14, kwenye 1:1,000,000 ni mita 280. Visima viwili vilivyopakana kwa mita 100 vinaweza kuangukia pikseli moja kwenye skeli hiyo ya pili, basi kuvichora ni kuipotezea seva muda. Visima vitaonekana kuanzia 1:100,000 kuingia ndani, mabomba kuanzia 1:250,000, mito mikuu wakati wote.

Lebo zinahitaji uamuzi mwingine. Programu nyingi za wavuti huomba ramani kwa vipande vya pikseli 256 kwa 256, na kila kipande huchorwa peke yake. Jina la mto linakatika ukingoni au linajirudia kila kipande. Nazitenga lebo kwenye tabaka lake. Anayeomba picha moja kubwa ataziwasha, mwenye vipande atachagua.

Saa 10:00 jioni

Kuhamishia kwenye seva. Njia za faili ziwe za kuanzia mahali mradi ulipo, fonti ziwe zimesakinishwa kule, herufi kubwa na ndogo zilingane kwa sababu Linux inazitofautisha.

Saa 11:00 jioni

Naita GetCapabilities, ombi linalorudisha maelezo ya matabaka, projeksheni na eneo la huduma, kwenye kivinjari na kuisoma hati hiyo ya XML mstari kwa mstari, kama mgeni. Halafu naandika GetMap kwa mkono: PNG yenye uwazi kwa mistari na nukta, JPEG kwa mwinuko, kwani JPEG haibebi uwazi. Nachagua kisima ambacho koordineti zake nazijua kwa uhakika, nakiomba kwa 1.1.1 na kwa 1.3.0. Kinatua palepale. Mwishowe naipitisha huduma kwenye TEAM Engine, chombo cha OGC cha kupimia utiifu kwa kiwango.

Saa 12:00 jioni

Anwani imeenda kwa wenzangu, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba majina ya matabaka hayatabadilishwa bila taarifa. Tabaka la mwinuko bado ni zito likiombwa kwa eneo lote. Hilo litatolewa kwa WMTS, kiwango cha 2010 cha vipande vilivyokwisha kuchorwa, na kazi hiyo inaanza kesho asubuhi.