Maboksi manane chini ya kitanda

Jana usiku nimehesabu tena. Mwaka jana nilichapa nakala 500 za riwaya yangu hapa Dar, kwa akiba yangu na mkopo wa kikoba. Zilizouzwa ni 83.

Nilifanya kila kitu mwenyewe. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, niliifuata Bodi ya Huduma za Maktaba, mhariri nikamlipa, jalada nikalipia. Kiwandani hesabu ni ileile siku zote: ukichapa chache, bei ya nakala moja inapanda. Kwa hiyo nikachapa nyingi. Nilikosea hapo, maana kila aliyeniandikia "hongera" nilimhesabu kuwa mnunuzi.

Kilichoniuma zaidi ni duka moja lililochukua nakala 40 kwa mali kauli, yaani wauze kwanza ndipo wanilipe. Miezi saba sasa, simu haipokelewi. Nililia jamani, na kwa muda mrefu sikugusa kalamu.

Halafu wiki iliyopita akanipigia mama mmoja wa Mwanza, niliyemtumia kitabu kwa basi. Hata salamu hatukumaliza: "Mwanangu, huyu bibi wa sura ya sita ni mama yangu mzazi kabisa! Ulimjulia wapi?" Tukaongea karibu saa nzima. Alikuwa anasoma, ananisomea maneno yangu mwenyewe, sauti inamtetemeka.

Deni la kikoba bado lipo, nalipa kidogo kidogo. Ila leo alfajiri nimeamka, nimeandika kurasa mbili za kitabu cha pili. Huyo bibi yumo.