Pointi za Kiti cha Mtoto

Kwenye Stork's Nest, mpango wa kuwasaidia wajawazito, hupewi kitu cha bure. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloniambia jirani yangu, na ndilo lililonifanya nikubali kwenda. Ukihudhuria darasa la wajawazito unaandikiwa pointi. Ukienda kliniki siku yako na kadi ikatiwa saini, pointi. Mwenye kuvuta sigara akiacha, naye huandikiwa. Halafu siku ya kufungua kabati kila mtu huchagua kwa pointi zake mwenyewe: nepi, blanketi, beseni la kumuogeshea mtoto. Mimi nilikuwa naziwekea kiti cha gari cha mtoto mchanga, kilichokuwa ghali kuliko vyote mle ndani.

Mwaka ulikuwa 2016. Tulikuwa tunaishi Clarkston, pembeni ya Atlanta, mji mdogo uliopokea watu wa Kongo, Somalia, Eritrea na Bhutan, ambako huwezi kupanga foleni dukani bila kusikia Kiswahili nyuma yako. Mume wangu aliendesha malori ya masafa marefu, hivyo siku nyingi hakulala nyumbani. Mimba ilikuwa ya kwanza. Mamangu alikuwa Kisauni, Mombasa, na mkono wake ulinifikia kwa simu tu. Misaada tulikuwa tumeshaionja. Wapo waliotuletea vifurushi vya chakula, wakatupanga mstari na kutupiga picha huku tumevikumbatia. Mchele ule tuliupika na nashukuru, lakini picha zile ziliniuma, na zinaniuma hadi leo.

Jirani yangu huyo alikuwa Mmarekani Mweusi, mkaguzi wa hesabu, mwanamke aliyepita miaka hamsini. Nyuma ya gari lake palikuwa na kibandiko cha buluu na nyeupe chenye njiwa, nami nilidhani ni alama ya kanisa lake. Nilipomuuliza, alinikaribisha chai akanieleza mpaka ikapoa. Njiwa yule ni wa Zeta Phi Beta, sororiti, yaani chama cha udada cha wanawake wa chuo, iliyoanzishwa na wanafunzi watano wa kike katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, tarehe 16 Januari 1920. Wawili kati yao walikuwa ndugu. Hapo hapo Howard walikuwa wametanguliwa na Alpha Kappa Alpha mwaka 1908 na Delta Sigma Theta mwaka 1913. Miaka miwili baada ya Zeta, walimu saba wa kike walianzisha Sigma Gamma Rho kule Indianapolis. Hizo ndizo sororiti nne za wanawake Weusi alizonitajia, na zilizaliwa wakati ambapo mwanamke Mweusi aliyesoma alikuwa na milango michache mno ya kubisha.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba uanachama wao hauishii chuoni. Nilikuwa nimeona sororiti kwenye filamu za Kimarekani, wasichana na sherehe zao, wakihitimu basi. Hawa wakihitimu ndipo kazi inapoanza. Wanahamia kwenye chapta, yaani matawi, za waliomaliza masomo, wanalipa ada kila mwaka, wanakutana, wanagawana kamati, na wanaitana soror, yaani dada, mpaka kaburini. Nilimwelewa mara moja, kwa sababu nyanyangu alikuwa mtu wa lelemama, vile vyama vya ngoma vya wanawake wa pwani. Alinisimulia mara nyingi kuhusu vyama viwili, Ibinal Watan na Banu Saada, sare zao, nyimbo zao na ushindani uliogawanya mitaa ya Mombasa. Alinisimulia pia kwamba mwanachama akifiwa, wenzake walihamia kwake wakashika mekoni. Nilipowatazama wanawake wa Zeta na buluu yao nilimwona nyanyangu.

Jirani akacheka kwa furaha nilipomweleza hayo, kisha akaniambia kwamba Delta, wenzao wanaotaniana nao daima, walichangia kujenga hospitali ya uzazi Thika. Thika yetu! Nilisoma Kenya tangu chekechea hadi sekondari, wala hakuna aliyepata kunitajia habari hiyo.

Stork's Nest ni kazi ya Zeta kwa kushirikiana na March of Dimes, shirika la afya ya mama na mtoto, tangu 1972. Walianza kwa sababu watoto wa wanawake Weusi walikuwa wakizaliwa njiti na kufa wachanga kupita watoto wengine, na mama zao wengi hawakufika kliniki mapema. Darasa letu lilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa kanisa. Alikuwapo mwalimu mkuu wa shule akikunja fulana za watoto, na wakili akipanga chupa kwa ukubwa. Mwalimu wetu alikuwa nesi mstaafu wa wodi ya wazazi, mama mrefu mwenye mvi zilizokatwa chini kabisa, ambaye hakupenda kurudia jambo mara mbili.

Wiki ile kichwa kilikuwa kinanigonga. Siku mbili kabla ya darasa nilikuwa kliniki, nikasema kichwa kinauma na viatu haviniingii. Aliyekuwa zamu hakuinua macho kwenye kompyuta. Akaniambia ninywe maji na nipumzike. Mamangu naye kwa simu alisema miguu kuvimba ni mambo ya mimba, nisiogope. Basi nikaamini.

Jumamosi hiyo somo lilikuwa dalili za hatari. Mama yule akazitaja akitembea katikati ya viti: kichwa kisichosikia dawa, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla. Alipofika kwangu akasimama. Mkufu wangu ulikuwa nje ya blauzi, na pete yangu ya ndoa ikining'inia humo.

"Mwanangu, pete hii umeivua lini?"

"Juzi, mama. Ilinibana."

"Na kichwa?"

Nikamwambia. Hakusema kitu mbele ya wenzangu. Alinishika mkono tukaenda chumba cha pembeni, akanipima presha: 164 kwa 108. Akanilaza ubavu wa kushoto, taa akaizima, akakaa kitako karibu yangu saa yake mkononi. Baada ya robo saa akapima tena: 168 kwa 110. Akaandika vipimo vyote viwili kwenye karatasi, pamoja na saa ya kila kimoja.

Hakuna aliyepiga kelele. Wakili alikuwa tayari kwenye simu na hospitali, jirani yangu amekwenda kuleta gari mlangoni, na mtu wa tatu, ambaye sikumjua, alinivalisha sweta lake. Darasa likaendelea na mwalimu mkuu.

Mapokezi hospitalini niliambiwa nikae, nijaze fomu, nitaitwa. Ningekaa. Najijua, kwa lafudhi yangu na woga wangu wa ugeni ningekaa pale hata mpaka usiku. Mama yule aliiweka karatasi yake juu ya kaunta, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mimba ya wiki thelathini na tano. Presha mia moja sitini na nane kwa mia na kumi, imepimwa mara mbili. Kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli. Anahitaji kitanda sasa." Kisha hakuondoka. Alisimama pale pale, mkoba kwapani, akimtazama yule msichana wa mapokezi bila chuki na bila tabasamu, mpaka kiti cha magurudumu kikaja.

Ilikuwa prieklampsia, ile presha ya mimba ambayo isipodhibitiwa huleta kifafa. Walinitundikia dripu ya magnesiamu ili kuzuia kifafa hicho, na mwili wote ukawaka moto kama niliyemeza pilipili. Daktari akaeleza kwamba tiba yake ni mtoto kutoka, na wiki zilizofikiwa zinatosha. Mume wangu alikuwa Tennessee na shehena. Akageuza lori. Kabla hajafika sikubaki peke yangu hata kidogo: wanawake wa chapta ile walipangiana zamu. Mmoja alinitia mafuta nywele akanisuka mistari miwili ili zisinisumbue kwenye mto. Mwingine alizungumza na mamangu kwa simu, mmoja haelewi lugha ya mwenzake, mimi nikitafsiri katikati ya uchungu, na bado waliagana kama mashoga wa zamani. Jumapili usiku binti yangu akazaliwa, hai na mwenye sauti, akapelekwa chumba cha njiti.

Nilimuuliza yule mama, siku ya pili yake, iwapo kweli ningekufa. Akanijibu kwamba alimzika mpwa wake kwa ugonjwa huo huo, msichana aliyesoma na mwenye bima nzuri, aliyeambiwa apumzike. Miaka baadaye nilisoma takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2021: kwa kila vizazi hai 100,000 walikufa wanawake Weusi 69.9, na weupe 26.6. Nilipoziona nilikumbuka kwamba yeye alikuwa na hesabu yake mwenyewe, ya mtu mmoja, na ilimtosha kumrudisha kazini kila Jumamosi baada ya kustaafu.

Siku ya kuruhusiwa ilipokaribia, nesi wa njiti akauliza kiti cha gari kiko wapi. Aliyezaliwa kabla ya wiki 37 hatoki hivi hivi. Hufungwa mikanda ndani ya kiti chake mwenyewe, mashine ikimwangalia pumzi na moyo kwa saa moja na nusu, kuhakikisha njia yake ya hewa haizibiki akikaa. Hatukuwa na kiti. Pesa za lori lililogeuzwa njiani zilikuwa zimekatwa, na pointi zangu nilijua hazijafika.

Jioni ile jirani yangu akaingia na kiti mkono mmoja, mkono wa pili daftari la pointi. Nilikuwa nimeshajiandaa kupokea sadaka. Nilikuwa na maneno ya shukrani mdomoni. Yeye akavuta stuli, akavaa miwani, akafungua ukurasa wenye jina langu.

"Hebu tuhesabu, mdogo wangu," akasema. "Darasa la Jumamosi."

"Sikulimaliza, dada."

"Somo lilikuwa dalili za hatari. Uliingia nazo ukatoka nazo hospitali. Umelimaliza kuliko wote." Akaandika. "Kuonana na daktari, hii hapa, kila siku uliyolazwa. Sheria inasema kuonana na daktari, haisemi kliniki. Nimewauliza kamati." Akaandika tena, mstari kwa mstari, kwa mkono ule wa wakaguzi usiokimbia. "Maziwa unamkamulia?"

"Kila saa tatu."

"Kunyonyesha ina pointi zake."

Alijumlisha chini, akapiga mstari, akanigeuzia daftari nione mwenyewe. Kiti kilikuwa kimelipwa. Sikupigwa picha. Nilitia saini pale alipoweka kidole, naye akasaini chini yangu kama shahidi, akaandika na tarehe. Pointi zilikuwa zimebaki kidogo, akaniuliza nataka nini kwa hizo. Nikasema soksi, kwa kuwa miguu ya mtoto ilikuwa haipati joto. Akachomoa jozi mbili mkobani, nyeupe, akazikata kwenye hesabu.